Gute ya Mtoto wa Kalemie

Chekechea moja mjini hapa imewagawia wazazi orodha ya gute inayofaa: biskuti, juisi ya boksi, yaghuti. Ndagala hawamo. Wananuka, eti. Basi mtoto aliyezaliwa Kalemie, ambako hata upepo wa ziwani unanuka ndagala, atafundishwa ustaarabu na biskuti iliyovushwa kwa boti kutoka Kigoma, ikapigwa jua bandarini, ikafika nusu yake unga.

Ndagala yeye alivuliwa usiku kwa taa, asubuhi akaanikwa mchangani. Kosa lake ni kutovaa karatasi inayong'aa. Analiwa na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo yenye kalisi ya kujenga meno ambayo biskuti inakuja kuyatoboa.

Haya, tuwe waungwana: kuna chakula ambacho mwalimu angekuwa na haki ya kukikataza. Karanga nzima zinaweza kumpalia mtoto wa miaka 3. Zisagwe kwanza, zipakwe kwenye mkate. Lakini orodha haikugusa karanga. Iligusa harufu.

Kwa hiyo mama anaamka alfajiri, anakata bukari vipande vidogo, anang'oa vichwa vya ndagala, anapanga bukari na ndagala chini kabisa ndani ya kopo. Juu anatandaza biskuti mbili za kuonyesha mlangoni. Saa nne mtoto anakula vya chini. Na biskuti? Muulizeni mwalimu, ambaye chai yake haijawahi kukosa kitafunio tangu orodha itoke.