Nyumba Iliyoshikiliwa na Rangi

Wiki moja kabla ya washenga wa binti yangu kufika, niliegemeza ngazi ukutani nipake fisha bodi rangi mpya. Nikasugua msasa mara mbili, kidole kikazama chote. Ubao haukuwepo. Mlikuwa na udongo, na mchwa walioshangaa kuingiliwa bila hodi.

Mbao zile nilizinunua Mpanda mjini, nikazipandisha lori hadi Kapalamsenga. Paina, ya kutoka Mafinga. Na hii ndiyo aibu yenyewe: Katavi ni nchi ya mninga, mti ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na kiini chake mchwa hukipita mbali. Lakini mninga una kibali chake na bei yake, nami nilikuwa na haraka. Muuzaji aliapa kwamba paina ile imetiwa dawa. Labda ya kuongeza hamu ya kula.

Fundi alipofika hakupanda hata ngazi. Alitazama juu, akasonya.

"Mwalimu, oili chafu ulipaka?"

"Nilipaka rangi."

"Rangi ni nguo tu, mwalimu. Mgonjwa yumo ndani."

Akang'oa ubao wa kwanza. Nyuma yake ncha ya kenchi imeoza, maana bati lilikatwa fupi na maji ya mvua yalikuwa yakiteremkia kwenye mbao badala ya chini. Akang'oa wa pili, papi ikaja yenyewe bila kuitwa. Wa tatu nilimsihi asiuguse. Akanituma misumari ya inchi 4. Nilipoileta akasema alitaka ya inchi 3. Nilipoleta ya 3, alikuwa amekwenda kula.

Usiku huo mvua ya Novemba ikaanza.

Washenga tuliwapokea sebuleni, chini ya turubai la kuanikia mahindi. Mkubwa wao alitazama juu, akauliza kwa adabu nyumba ina miaka mingapi.

"Minne, mzee wangu."

Akakohoa. Nina hakika kikohozi kile kilinipunguzia ng'ombe wawili.

Sasa fisha bodi ni ya mninga, wa kibali na risiti. Rangi bado, fundi alisema atakuja kesho, na hiyo ilikuwa Januari. Ukipita Kapalamsenga ukaona nyumba yenye ngazi ukutani, tafadhali usiipande. Nayo ni ya paina.