Sifa za Asiyerudi

Nyanda hizi zimeimbiwa vya kutosha. Miraa ya Igembe ina washairi wake, makadamia ya Embu yana madalali wake. Anayesahauliwa ni yule mwanakundi wa WhatsApp anayeuliza, akajibiwa, akatoweka. Leo nampa haki yake.

Mtazameni anavyoingia kwenye kundi la wakulima saa tano usiku. Hapotezi muda kwa salamu. Salamu ni za wenye viazi vizima. Anatupa picha, pengine ya shina, pengine ya goti lake, na maneno mawili: "Saidieni haraka." Hasemi kama yuko Kibirichia au Timau, alipanda lini wala alinyunyizia nini. Ni heshima hiyo, anatuamini kwamba tunajua.

Basi mama mmoja wa Runyenjes, ambaye alfajiri ana ng'ombe wa kukamua, anakaa na simu akimwelekeza bure. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, utulie. Uzi mweupe ukishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa, choma, na msimu ujao usirudishe viazi hapo wala nyanya, panda mahindi. Tiki mbili zinageuka buluu. Kimya.

Wenye kinyongo hulalamika kwa kuwa hawajapiga hesabu. Kundi moja laweza kubeba watu 1,024. Asante moja huziamsha simu zote, asante huzaa karibu, karibu huzaa vidole gumba, na bando linakwisha. Bwana huyu anatuwekea akiba. Zamani aliyesaidiwa kupalilia alipika githeri ya wasaidizi, kisha siku yao ikifika akabeba jembe akawapalilie. Simu imemkomboa.

Lakini zawadi yake kubwa ni kwamba harudi kutuambia glasi ilionyesha nini. Angesema tu "uzi umetoka", au "haukutoka", mjadala ungekufa usiku uleule. Jirani wa bondeni angechimba mtaro mapema, maana ugonjwa huo husafiri na maji ya mvua na mbegu. Badala yake tunao mjadala wenye afya: mmoja ameshikilia bakteria, mwingine ukungu, na mwenye agroveti ana hakika ni ugonjwa ule ambao dawa yake iko kwenye rafu yake. Mvua za Machi zilitukuta tukibishana, za Oktoba zikatupita tukiendelea. Wakati huo viazi vya shamba lile vilikuwa vimeshauzwa sokoni kama mbegu, na bei ilikuwa nzuri, nasikia.

Asidhaniwe bubu, hata hivyo. Hujitokeza siku moja kusema dawa haikufanya kazi (aliambiwa hakuna dawa) na kuuliza nani atamlipa hasara. Admini akimkumbusha adabu, anatoka kundini kwa kishindo. Juma halijaisha, ameshaingia kwa laini nyingine, na kuku wake wanazubaa, haraka tafadhali. Na mama wa Runyenjes anamuuliza kinyesi chao kina rangi gani.