Mtoto Asubiri Ratiba

Daktari mwanamke asiye na mtoto hakosi washauri pale Dar es Salaam. Shangazi anamkumbusha kwamba umri unakwenda. Mkuu wa idara hasemi kitu. Anaangalia ratiba ya zamu, kisha anaangalia tumbo.

Hesabu yenyewe ni hii: shahada ya udaktari miaka 5, utarajali mwaka 1, kusubiri ajira Mungu ndiye ajuaye, halafu ubingwa miaka 3 na ushee. Mtoto apenye wapi? Wapo wanaopanga mimba kwa kalenda ya chuo, utadhani mtoto naye husoma matangazo ubaoni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo, 100 akijifungua mapacha. Baba ana siku 3, zinazotosha kununua nyama ya supu na kupokea pongezi. Hata mama akianza likizo siku ya kujifungua, anarudi kazini mtoto hajatimiza miezi 3. Asubuhi hiyohiyo anasimama kliniki kuwahimiza mama wenzake wanyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Anaeleza vizuri sana, huku koti jeupe limelowa kifuani. Sheria inamruhusu kutumia hadi saa 2 kwa siku kunyonyesha, ila foleni iliyoko mlangoni haijaisoma.

Daktari mwenzake wa kiume amepata watoto wawili akisomea ubingwa uleule. Hakuna aliyemuuliza alijipangaje.