Risiti ya Chesisi

Land Rover ya Baba Salma ilitengenezwa mwaka 1978, na ilipofika kwetu hapa Leicester ilikuwa imeshapita mikononi mwa mafundi wengi. Mmoja wao aliitoa injini ya petroli akaweka dizeli ya Discovery, ile 200Tdi, na kadi ya gari ikaendelea kusema petroli. Chesisi nayo ilikuwa imeliwa na kutu, kwa chumvi wanayoimwaga barabarani wakati wa barafu. Mume wangu amekulia Tanga, akiziona Landi zikitembea na giaboksi za magari mengine. "Mama Salma, si linawaka?"

Linawaka, ndiyo. Lakini anayelipa bili humu ndani ni mimi, na nilikuwa nimeshasoma kwamba Uingereza gari likishatimiza miaka 40 linasamehewa kodi ya barabara. La 1978 zamu yake ilikuwa Aprili 1, 2019. Sharti liwe bado ni gari lile lile.

Wakati ule gari lililofumuliwa lilihesabiwa kwa pointi: chesisi 5, springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1. Likikosa 8 lilipoteza namba yake, likapelekwa kukaguliwa upya na kupewa namba inayoanza na Q, yaani umri wake haujulikani. Na gari lisilo na umri litasamehewa kwa uzee gani?

Shemeji yangu, ambaye kila Jumapili huja kula na kushauri, alitaka tuweke koili springi, ekseli na giaboksi za Range Rover. "Utalala humo ndani, shemeji." Nikachukua penseli. Injini ilishatugharimu 1. Springi, ekseli na giaboksi zinaondoka na 6. Na koili haziingii mpaka chesisi ikatwe, kwa hiyo 5 nyingine kwaheri. Tungebaki na 2 za usukani. Nikamwongezea wali, mazungumzo yakaishia hapo.

Chesisi mpya ya vipimo vile vile ilihesabiwa kama ya asili, mradi uwe na risiti. Tukainunua, ya chuma kilichopakwa zinki, ikakaa uani miezi kadhaa huku mimi nikianikia nguo juu yake. Risiti nikaiweka kwenye droo ya jikoni pamoja na barua ya gereji iliyothibitisha namba ya injini na kwamba ni dizeli.

Kisha akaja mama mkwe. Mama hawezi kuamka alfajiri asikaange kitu. Niliposhuka nilikuta maandazi yamepangwa kwenye sinia, yanachuja mafuta juu ya karatasi. Nikaliinua moja. Chini yake, kwenye duara la mafuta lililong'aa kama kioo, namba ya chesisi ilikuwa inanitazama.

"Mama, hii karatasi…"

"Safi kabisa, mwanangu. Upande wa pili haijaandikwa kitu."

Niliimwagia unga wa sembe, nikaifunika kwa taulo, nikaikandamiza kwa sufuria ya pilau hadi jioni. Mafuta yalipungua, iliki haikutoka. Hivyo hivyo ikaenda Swansea, kwenye ofisi ya usajili wa magari, pamoja na kadi na barua ya gereji. Kadi ikarudi imeandikwa dizeli. Tukaenda nayo posta, gari likabadilishwa daraja, kodi ikawa sifuri.

Baba Salma alitaka pia tutie saini fomu ya kusamehewa ukaguzi wa mwaka, maana tangu Mei 2018 magari ya umri huo hayalazimiki, ikiwa hayakubadilishwa sana ndani ya miaka 30. Nikakataa. Petroli imegeuka dizeli, nani ataapa hapo? Na breki za zamani hivyo nataka zitazamwe na mtu asiyelipenda gari.

Kodi yenyewe, ingawa ni sifuri, lazima ihuishwe kila mwaka. Mama alishangaa. "Kwetu rodi laiseni walishaifuta 2017, unalipia kwenye mafuta. Nyie hamlipi, na bado mnakwenda kuomba?"

Mwanawe hakumsikia. Alikuwa kwenye simu, anatazama picha za usukani wa pawa.

"Usukani pointi ngapi, Baba Salma?"

"Mbili," akajibu bila kuinua macho. "Tunazo 13."