Umemtunga Wapi?

Ndugu yangu, ukiwa mpangaji usiandike riwaya. Uza mitumba. Fuga kuku kwa veranda. Riwaya waachie wenye nyumba zao. Mimi hakuna mtu aliniambia. Nilidhani ni kazi ya kukaa chini tu, chai hapa, kompyuta pale, unatunga uongo kurasa mia mbili, watu wanasoma, wanafurahi, unaletewa hundi. Kumbe uongo ukishachapishwa kila mtu anauita ukweli, kila mtu ana swali, na hakuna mwenye hundi.

Riwaya yangu ni ya ploti moja hapa Ruiru. Wapangaji kibao, choo kimoja, maji yakija yanakuja usiku wa manane, na landilodi anayelala na ufunguo wa tangi chini ya mto. Huyo landilodi ndiye amenichoma. Nilimpa tabia ya kukata stima ya mpangaji anayedaiwa huku anaimba pambio. Anashika koleo, anapanda stuli, anaimba ubeti wa kwanza, anakata, anashuka, halafu anakuombea Mungu akufungulie milango. Nilimtoa wapi? Nilimtoa kwa ploti ninayokaa. Ulitaka nimtoe Dubai?

Kitabu kilipotoka nikaanza kuingia nyumbani giza likishatanda, viatu mkononi. Nilijua siku mzee mwenye ploti akikisoma, godoro langu litalala nje.

Wa kwanza kunipata hakuwa yeye. Alikuwa mzee fulani wa Kihunguro. Alinipigia simu, kwa sababu mimi na akili zangu niliweka namba nyuma ya kitabu, eti msomaji awe huru kunifikia.

“Wewe ndiye uliniandika?”

“Mzee, mimi hata sikujui.”

“Hunijui, na umejua aje kwamba naimba?”

Sasa hapo utajibu nini? Nikakaa kimya. Akasema kimya changu ni ushahidi.

Kabla sijatulia akaja mwingine wa Githurai, yeye mwenyewe, kwa miguu, na nakala amepiga mistari kwa kalamu nyekundu. Kila mahali pameandikwa “tangi” ameweka tiki. Akataka kujua ni mpangaji gani wake alinipa habari, ili amhamishe. Halafu mama mmoja mwenye ploti Witeithie akanipata stejini, akanishika mkono wa shati. Nikamwambia, mama, landilodi wa kitabuni ni mwanamume, ana ndevu na kofia. Akanijibu, “Ndiyo ujanja wako. Umenigeuza mwanamume ili nisikushtaki.” Watu wa stejini wakatikisa vichwa. Konda akasema waandishi ni watu wabaya. Nauli nikalipa mia, chenji sikuiona, na sikuwa na uso wa kuiulizia, maana konda pia yumo kitabuni, sura ya nne, na anachofanya mle ni hicho hicho.

Mwisho wangu ukafika Jumamosi moja. Nimejificha ndani, pazia limefungwa, mzee mwenyewe anagonga. Nafungua. Amekishika kitabu. Macho yana machozi. Nikaanza kuhesabu vitu vya kubeba kwanza. Mtungi wa gesi, kitanda, kompyuta.

Kumbe analia kwa kucheka.

“Huyu umempata!” akasema. “Ni yule jirani, wa ploti yenye mbwa! Hata hivyo anavyoshika koleo! Aki wewe ni noma.” Akaketi kwa kiti changu cha pekee. Akanisomea mimi mwenyewe ule ukurasa wa stima, na alipofika pale pa pambio akauimba wimbo wote, wala sikuwa nimeuandika wote. Akaniomba nakala moja ya bure ampelekee huyo jirani ajionee. Halafu, akiwa bado anapangusa macho, akanijulisha kwamba Januari renti inapanda, kwa vile mtu wa vitabu hawezi kukosa pesa. Akatoka akiimba.

Nilienda kibandani kulia. Pale kuna jamaa mmoja amesoma sana, kazi hana, akaniambia nisijione wa ajabu. Ngugi wa Thiong'o alipotoa Matigari kwa Kikuyu mwaka wa 1986, habari zikafika serikalini kwamba kuna mtu anaitwa Matigari anazunguka vijijini akiuliza maswali juu ya ukweli na haki. Amri ikatoka akamatwe. Polisi wakatafuta mtu. Walipogundua ni mtu wa kitabuni, 1987 wakageukia kitabu, wakakibeba madukani. Nikamuuliza, sasa hiyo inanisaidiaje? Ngugi alitafutiwa mhusika wake na serikali nzima ya Moi. Wangu anatafutwa na malandilodi wa Githurai.

Na huyo Ngugi, usimtaje nyumbani kwangu. Mke wangu humtumia kunipiga naye. Nikisema siwezi kuandika leo, stima imepotea, watoto wanapiga kelele, jirani ameweka redio juu, anauliza: “Na Ngugi je?” Maana amesikia mahali kwamba Ngugi aliandika Caitaani Mutharaba-inĩ juu ya karatasi ya choo, akiwa kizuizini Kamiti mwaka wa 1978. Na Kamiti si mbali na hapa Ruiru, kwa hivyo siwezi hata kusingizia hali ya hewa. Kitabu kikatoka 1980, na walioishi enzi hizo wanakwambia kilikuwa kinasomwa kwa sauti kwa baa, msomaji akinyamaza anaongezewa glasi aendelee. Mimi nilijaribu kusoma changu kwa baa moja ya Kimbo. Wakaomba niwaachie mpira.

Lakini mke wangu hasumbuliwi na karatasi. Anasumbuliwa na sura ya saba. Kuna mwanamke mle, anakaa Makongeni, Thika. Ana mwanya. Anapika chapati laini mpaka zinajikunja zenyewe kwa sahani. Basi. Hafanyi lingine lolote, sura ya nane ashahamia Kitui.

“Nani huyu mwenye mwanya?”

“Nimemtunga.”

“Umemtunga wapi? Thika?”

“Nimemtunga kichwani, mama watoto.”

“Na kichwani aliingiaje?”

Ndugu yangu, mimi kazi inayonilisha iko Thika. Naandika risiti kwa duka la mbao na mabati. Lazima niende kila siku. Kila asubuhi nikifunga kamba za viatu nasikia nyuma yangu, “Salimia mwenye mwanya.” Chapati nyumbani zilikoma kupikwa tangu afike sura ya saba. Nikitamani chapati nanunua njiani, nakula nikitembea, napangusa mdomo kabla ya geti. Nimekuwa mwizi wa ndoa kwa ajili ya unga.

Afadhali Thika kwenyewe, utasema. Thika wana mambo yao. Huko ukijitambulisha kuwa mwandishi, mgeni anakuuliza juu ya ile miti. Kuna mama wa Kizungu, Elspeth Huxley, aliandika kitabu cha utoto wake huko, The Flame Trees of Thika, kikatoka 1959, na 1981 Waingereza wakakitengenezea kipindi cha televisheni. Tangu hapo mji umepewa miti. Viwanda havihesabiki, mananasi hayahesabiki, mtu anauliza miti. Mtalii mmoja aliniuliza pale karibu na maporomoko ya Chania kama ni mimi nilikiandika. 1959! Sikuwa hata wazo. Nikasema ndiyo, nikidhani atanunua. Akataka kujua mama yangu ni mzima.

Halafu kuna mwalimu wa Kiswahili upande huo huo alinialika kuzungumza na Fomu Tatu. Nikavaa tai. Nikajipangia hotuba juu ya ubunifu. Kufika, mwalimu ametunga maswali juu ya riwaya yangu, mtindo ule wa karatasi ya fasihi, swali alama 20. Akasema kwa utani mwandishi naye ajaribu pamoja na wanafunzi. Nikacheka. Nikapewa kalamu, nikaacha kucheka.

Swali: fafanua jazanda ya ndoo katika riwaya hii. Nikaandika: ndoo ni ya kuchotea maji, kwa sababu maji hayakuwepo. Nikamaliza mapema, nikaanza kuangalia dirishani. Wenzangu wa darasa wanaomba karatasi ya ziada.

Nilipata 6. Msichana wa dawati la mbele alipata 18. Alieleza kwamba ndoo ni taifa, mpasuko wa ndoo ni ufisadi, mkono wa ndoo uliokatika ni uongozi usioshikika, na rangi ya samawati ni matumaini yanayofifia. Mimi niliandika samawati kwa sababu ndoo yetu ni ya samawati. Ilikuwa na rangi, jamani, hiyo ndiyo rangi iliyokuwa. Nikanyoosha mkono kupinga. Mwalimu akaniambia kwa upole kwamba kitabu kikishachapishwa mwandishi hana usemi, nikae chini. Nyuma kabisa nikasikia mvulana akinong'ona, “Na huyu kweli ndiye aliandika?” Nikapewa makofi na soda moto. Yule msichana akanieleza tena habari ya ndoo nikiwa nakunywa, polepole, ili nielewe.

Ken Walibora naye aliandamwa. Siku Njema ilipotoka 1996 wanafunzi wengi waliapa kwamba Kongowea Mswahili, yule kijana aliyetoka Tanga kumtafuta baba yake mpaka Kitale, ni Walibora mwenyewe. Yeye mtu wa magharibi ya Kenya, habari ya Tanga ni ya kubuni, lakini nani angewaambia? Walimpenda Kongowea, wakataka awe na mikono ya kusalimiwa. Hiyo ni heshima. Mimi kwenye kitabu changu watu wamenitafuta, na wamenipata. Wanasema mimi ndiye yule mpangaji wa nyumba namba tisa asiyelipa.

Usiniulize juu ya pesa. Sawa, uliza. Mkataba wangu ni asilimia 10 ya bei. Serikali nayo, tangu sheria ya VAT ya 2013, inatoza kitabu asilimia 16. Haijaandika hata koma, haijakatiwa stima sura ya tatu, haijaulizwa mwanya ni wa nani, na inanishinda kwa 6. Usiku mmoja simu ililia, ujumbe wa pesa, shilingi mia tano kutoka kwa mtu nisiyemjua. Nikamwamsha mke wangu, nikamwambia ona, kuna wasomaji wenye shukrani. Asubuhi mwenyewe akapiga. Alikuwa amekosea namba, ilikuwa ya fundi wa tairi.

Mwingine aliketi nami kwa matatu tukitoka Githurai. Akanitambua kwa picha ya jalada. Akanishika mkono, akanisifu mpaka abiria wakageuka. Nikamuuliza alikinunua duka gani. Akashangaa. “Kununua? Mtu alitupa PDF kwa grupu ya WhatsApp. Nzuri sana. Hata nimeisukuma kwa grupu ya mchango wa mazishi.” Halafu akawa na lalamiko. Ukurasa wa 93 aliyepiga picha aliweka kidole, mistari ya chini haionekani, na ni pale mambo yanakolea. Mle kuna nini? Na mimi, ndugu yangu, nikamsimulia. Mistari yote ya chini ya kidole. Nilikuwa nafika Juja bado namsimulia. Akanilaumu kwamba nilipaswa kuiandika vizuri hivyo hivyo ninavyosimulia.

Nikafikiria labda nipigwe marufuku. Kezilahabi alitoa Rosa Mistika 1971, Tanzania wakakizuia shuleni, na leo nitafutie msomaji wa riwaya ya Kiswahili asiyekijua. David Maillu wa hapa kwetu alijichapishia vitabu vyake miaka ya sabini, Tanzania wakavifungia mpaka, na watu wakazidi kuviulizia. Nikasema na mimi nina ukurasa wa busu, wa 112, taa imezimwa kabisa. Nikampelekea mzee wa kanisa nakala, nikangoja nikemewe Jumapili mbele ya watu, mauzo yapande. Ibada ikaisha, hakuna. Akanivuta kando, akafungua 112, akaweka kidole. Nilikuwa nimekosea ngeli ya “busu”. Mengine yote, akasema, yanapita.

Basi kitabu kipo. Kipo kwa duka la mke wangu hapa Kimbo, katikati ya sukari na sabuni ya kipande, shilingi 500, na ukileta mia nne kwa heshima tutaongea. Anayeuza ni yeye, kwa hivyo tafadhali usicheke habari ya Makongeni. Ukikipenda, usinipigie simu. Nunua kingine, umpe jirani.