Nipeni Skrubu ya Kawaida

Aliyebuni skrubu ya pembetatu sijui aliudhiwa na nani. Imefichwa kwenye kitako cha pasi zetu hizi za umeme, ndani kabisa ya tundu jembamba, na bisibisi ya bapa haiipati wala ya nyota haiipati. Fundi wa mtaani kwetu, ambaye amefungua kila kitu kuanzia redio za mkulima hadi pampu za maji, aliichungulia kwa tochi ya simu, akaguna, akatafuta spoku ya baiskeli na kuanza kuipiga tupa mpaka ncha ikawa na pembe tatu. Muda wote huo kaptula yangu ya kutokea ikiwa begani, imejikunja.

Pasi ilipofunguka tukamwona mchawi. Fyuzi ya joto, kidude kisichozidi ukucha, kimevishwa kijisoksi cheupe na kulazwa kando ya waya. Kazi yake ni kukata umeme pasi ikizidi moto, na kikishakata mara moja, basi, hakiamki tena. Kwa hilo sina ugomvi nacho. Bora kife chenyewe kuliko kuchoma nyumba. Ugomvi wangu ni kwa aliyekiweka mahali ambapo ili kukibadilisha lazima uvunje mpini. Maana mpini haukufungwa kwa skrubu, umebanwa kwa vimeno vya plastiki, na vimeno vile huingia mara moja tu maishani. Fundi alivuta kwa adabu zote, vikasema tak, tak. Fyuzi ilikuwa bei ya chai na andazi. Mpini hauuzwi popote, Kariakoo tumeimaliza. Pasi ikarudi nyumbani inawaka vizuri, imezungushiwa mpira wa tyubu kiunoni. Mama watoto akaniuliza kama ile ni pasi au majeruhi.

Na boksi lake lina jani la kijani! “Rafiki wa mazingira.” Urafiki gani huo wa kutaka kuzikwa jalalani kabla ya mwaka kuisha? Mifuko ya plastiki tulikatazwa tangu Juni 1, 2019, tukatii, tukanunua vikapu. Sasa tunabeba plastiki nzito zaidi ndani ya kikapu.

Msiseme nina wivu na wenye viwanda. Desemba 1924, kule Geneva, watengenezaji wakubwa wa balbu walikaa kikao wakaelewana kwamba balbu iwake saa 1,000 hivi, isijitie kimbelembele. Ambaye balbu zake zilidumu kupita kiasi walimtoza faini. Miaka mia imepita na ninaponunua balbu inayokufa wiki moja baada ya karatasi ya dhamana, nawaza kwamba kuna mtu mahali fulani ameepuka faini.

Bibi yangu alikuwa na pasi ya mkaa, ile yenye kijogoo kwenye kifungio. Mpini wa mti ukiungua, seremala anachonga mwingine. Sisemi turudi huko. Kama hujawahi kudondokewa na cheche kwenye shati jeupe asubuhi ya Jumatatu, nyamaza. Nasema tu kwamba aliyeiunda alijua mpini utaungua, akauweka pa kutolewa.

Wafaransa tangu Januari 2021 wamewalazimisha wauzaji kubandika alama, sifuri hadi kumi, kuonyesha kifaa kinatengenezeka kiasi gani: walianza na simu, kompyuta za mkononi, televisheni, mashine za kufulia, hata za kukatia majani. Ndiyo, za majani. Sisi hapa alama tunayoipata ni muuzaji kukwambia “hii orijino, mzee” huku anaangalia pembeni.

Mimi napendekeza mtihani mwepesi. Mbunifu, kabla hajaidhinisha pasi yake, aje nayo chini ya mwarobaini wa fundi wetu. Apewe bisibisi moja ya nyota, stuli yenye miguu mitatu, na mteja mmoja mwenye harusi saa nane. Aifungue, abadilishe fyuzi, aifunge, isibaki na kipande mkononi. Waya ukatike shingoni, kama kawaida yake, auunge bila kuchana plastiki. Akishindwa, spoku ipo, na tupa ataazimwa. Chai atajinunulia.