Sukari Kilo Hasi Tatu

Jirani yangu mwenye duka pale Darajani, alipoarifiwa kwamba ERPNext, programu huria iliyoasisiwa Mumbai, haidai hata senti ya leseni na kwamba msimbo wake ni ruhusa kwa yeyote kuusoma na kuugeuza apendavyo, alifurahi kama aliyeokota lulu njiani. Kuusoma? Hata risiti husomewa na mjukuu wake. Hata hivyo akaiweka kwenye kompyuta ya duka. Mashine ilipokataa kuuza sukari isiyokuwamo hesabuni, kwa kuwa gunia liliingia alfajiri bila kuandikwa, mjukuu akaingia kwenye mipangilio akairuhusu kuuza hata kisichokuwapo. Jioni mashine ikanena, bila haya, kwamba ghalani mna sukari kilo hasi 3. Sasa kompyuta, imefunikwa kwa taadhima, ni kitako cha mizani. Na daftari la madeni, alhamdulillahi, limerudi mezani.